Ramani ya Kwetu Nambunga

Jumatatu, 16 Februari 1948

Daftari hili nimepewa la hesabu, lakini hesabu zangu ni chache na mbovu, haziwezi kulijaza. Nusu ya nyuma nimeichukua mimi. Darasani ukiteleza ukasema neno la Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Humu nitasema Kiswahili mpaka nichoke.

Jina langu la shule ni Klementi. Nyumbani naitwa Dadi, na Bibi yangu, Mwanaasha, hataki kabisa kulisikia hilo la Klementi, anasema ni jina la mtu mwenye homa. Niko darasa la saba katika shule ya misheni, juu ya kilima, nyuma ya Rutamba. Barabara ya kushukia ni moja tu, nayo imekatika mtoni. Lori la chakula halijafika tangu juzi. Padri Mkuu amekataza mtu yeyote kushuka, na mwenye barua akae nayo. Tumefungiwa hapa na maji, na anayesema shule si jela aje ale mhogo wetu.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nina furaha na sioni haya kuiandika. Mwalimu Eusebio amerudisha zile ramani tulizochora likizo, na yangu imekuwa ya kwanza.

Mwalimu Eusebio ni Mmakonde wa huko juu uwandani, anafundisha jiografia, na akiingia darasani hata wale wanaosinzia wanakaa sawa. Ametufundisha ngano ya Kanada na kondoo wa Australia mpaka nimeota manyoya. Lakini Desemba alituambia: “Sasa basi na nchi za watu. Kila mmoja achore mahali anapopajua.” Akaniazima dira yake, mimi peke yangu. Nikaenda nayo mpaka Nambunga, kwetu, kwenye vilima vya Kilwa, nikapima kwa hatua mto, mashamba, njia na nyumba. Bibi alikuwa anapalilia mtama, ananiangalia nikienda na kurudi, mwisho akauliza: “Dadi, umeangusha senti?” Nikamwambia naichora nchi yetu. Akasema: “Haya, usisahau jamvi langu la kuanikia.” Jamvi nimeliweka. Ni kijialama kidogo karibu na nyumba yake.

Mwalimu ameiinua juu darasa zima likaiona. Amesema hata ramani ya serikali haina kitu hapo, ni nafasi nyeupe tupu, na mimi nimeijaza.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua.

Ijumaa, 27 Februari

Ramani imetundikwa ukutani, ndani ya fremu aliyoitengeneza Mwalimu mwenyewe. Laurenti amesimama mbele yake akitikisa kichwa. “Nyumba tano! Wamatumbi nyinyi, nyumba tano mnaziita nchi. Sisi Songea hizo ni za kuku.” Laurenti ni Mngoni na ni mtani wangu, kwa hiyo ana haki ya kunitukana asubuhi mpaka jioni, na mimi siruhusiwi kununa. Nimemjibu kwamba babu zake walipita kwetu wakakimbizwa mpaka viatu wakaacha. Akasema babu zake hawakuwa na viatu. Tumecheka mpaka prefekti akatutoa nje.

Jumatatu, 8 Machi

Leo sitaandika kwa utani.

Baada ya somo Mwalimu aliniita. Amesema baada ya Pasaka Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, atakuja kukagua shule, na kwamba Bwana huyo anapenda sana ramani. “Nilimpelekea habari zako Januari, barabara ikiwa nzima. Ataichukua yako aiweke ofisini kwake, maana huko vilimani hawana kitu. Unajua maana yake? Darasa la tisa huna wa kukuzuia.” Alikuwa anatabasamu kwa mdomo wote. Nikasema ahsante, nikatoka, nikaenda kukaa pale penye pipa la maji.

Niandike wazi. Nambunga hapatakiwi kuwa na mtu. Nilipokuwa mdogo serikali ilisema mbung'o wa vilimani wanaleta malale, watu wote wakahamishwa wakapelekwa kwenye kambi ya barabarani, nyumba zikapangwa mstari kama madawati. Ardhi ya kule ni mchanga. Watoto walikufa, si kwa malale bali kwa njaa na kuhara. Bibi akakaa mwaka mmoja, kisha akajitwisha jembe na chungu akarudi kwenye mtama wake na kaburi la mumewe. Wengine wanne wakamfuata na familia zao. Kaya tano. Wakipata habari kwamba anakuja askari wanaingia msituni. Wameishi hivyo miaka sita na hakuna aliyewaona.

Na mimi nimewachora kwa wino, na kaskazini nimeionyesha, na skeli nimeweka.

Nilifikiri nini? Nilifikiri ni somo. Niliona ramani ni kitu cha darasani, kama Kanada, ambako hakuna mtu ninayemjua. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 9 Machi

Nimemwendea Mwalimu ofisini. Nimesema: “Samahani Mwalimu, zile nyumba labda zimeshaondoka. Naona ni afadhali nizifute.”

“Zilikuwepo Desemba?”

“Zilikuwepo.”

“Basi zipo. Klementi, ramani isiyokuwa na watu ina faida gani? Somo letu ni makazi ya watu. Nimemwambia Bwana kuna kaya tano, akashangaa sana. Ukizifuta nitaonekana nimesema uongo.”

Nilitaka kumwambia kwamba moja ya nyumba hizo ni ya Bibi yangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha nikafikiri: huyu ndiye aliyewapelekea habari, nikimwambia yaliyobaki atayapeleka pia. Nikaaga, nikatoka. Jana asubuhi nilikuwa nampenda mtu huyu kuliko wote hapa. Leo hata viatu vyake vinanichukiza.

Jumapili, 14 Machi

Mungu hajanisahau. Baada ya misa nimemwona Mjomba Bakari uani, amelowa chapachapa, ana mzigo wa samaki wakavu kichwani. Mjomba ni mchuuzi. Ananunua Somanga, anauza njia nzima mpaka huku, na maji ya mto hayamtishi, anavuka kwa kushika kamba. Padri alikuwa amekwenda kunywa chai, tukapata nafasi.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Dadi. Umekonda. Hawa watu wa msalaba wanakulisha nini?”

Nimemweleza. Hakunigombeza, na hilo limeniumiza zaidi. Alikamua shuka lake, kisha akauliza: “Imekwisha kuonekana?”

“Imeonekana na Mwalimu. Bwana Shauri ataiona baada ya Pasaka.”

“Basi nitapanda vilimani mwezi huu huu. Niwaambie nini?”

“Waambie wahame Nambunga. Wote. Na Mjomba, wasiniambie wanakohamia. Hata wewe usiniambie. Nisijue, nisije nikaulizwa nikasema.”

Akanitazama kama mtu mzima mwenzake. “Hapo umesema la maana,” akasema. Akanipa samaki mmoja, akashuka.

Nimemla na Laurenti nyuma ya jiko. Leo nimeona naweza kupumua.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Uji bila sukari. Ukuta wa bweni umeota ukungu.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua. Ramani bado iko ukutani. Nikila naiona, nikisali naiona.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemwambia Laurenti. Sikuwa nimekusudia, ila aliniuliza kwa nini simtukani siku hizi, akasema anajisikia mpweke. Akasikiliza yote bila kuingiza hata neno la utani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akasema: “Kwani mtani kazi yake nini?” Akaondoka zake.

Jumatano, 24 Machi

Laurenti amemwaga kidau kizima cha wino juu ya ramani. Mchana kweupe, darasa limejaa. Ameitoa ukutani, ameifungua fremu, amemimina taratibu kama anayetia mchuzi kwenye ugali, kisha akasema kwa sauti: “Nchi ya Wamatumbi imepata mvua!” Darasa zima likacheka. Kwetu hilo si kosa. Mtani akikuharibia kitu unamdai kuku, mnakula pamoja, basi.

Mwalimu Eusebio hakucheka. Yeye si mgeni, anajua utani ni nini. Alisema: “Utani ni wa matangani, sio wa darasani kwangu.” Viboko alimpiga mwenyewe. Na adhabu ya kuchimba mtaro kuzunguka bweni, kila siku, mpaka mvua zikatike. Laurenti amepita mbele yangu na jembe begani, akanikonyeza.

Nimejificha chooni nikalia, kwa furaha na kwa aibu, sijui kipi kilikuwa kikubwa. Imekwisha. Haipo tena.

Alhamisi Kuu, 25 Machi

Haijakwisha. Mwalimu ameniita asubuhi, amenikalisha kwenye meza yake, amenipa karatasi mpya kubwa, kalamu na wino wake mzuri.

“Usihuzunike,” ameniambia, na mkono wake ulikuwa begani kwangu. “Karatasi imeharibika, lakini ramani iko kichwani mwako. Chora nyingine. Utachora hapa ofisini, mimi nikiwepo, asije mjinga mwingine akaiharibu.”

Anadhani ananitendea wema! Amefunga mlango kwa ufunguo. Nje namwona Laurenti akichimba mtaro ambao mvua inaufukia nyuma yake.

Jumapili ya Pasaka, 28 Machi

Kristo amefufuka. Nyama hakuna, lori halijafika. Nimechora mto. Nimechora polepole sana.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimekwisha chora vilima na njia. Zimebaki nyumba. Mwalimu kila akipita anauliza: “Na zile kaya tano?” Kuziacha siwezi, Bwana ameshaambiwa. Na Nambunga siwezi kuziweka, hata kama Mjomba amefika na wamehama, maana ni nani anajua kama amefika? Mto umejaa huko pia.

Kwa hiyo nimetafuta kichwani mahali ambapo hapana mtu na hapatakuwa na mtu kamwe. Nimepapata. Ng'ambo ya mto, nyuma ya kilima, kuna bonde la Kihambwe. Waliokufa katika vita vya wakati wa Wadachi walizikwa huko. Kwetu mtu haendi Kihambwe ila mara moja kwa mwaka kabla ya kupanda, wazee na unga wa mtama mkononi, na wakifika hawawashi moto, hawakati mti, hawasemi kwa sauti. Kujenga Kihambwe ni jambo ambalo hata mwendawazimu wa kwetu halimjii. Nilipokuwa mtoto nilikimbiza mbuzi akaingia humo, nikamwacha. Bibi akasema nimefanya vizuri.

Nimechora nyumba tano Kihambwe. Askari wakienda watakuta miti na kimya. Watasema kijana amekosea, na mimi nitakubali kwamba nimekosea, na nikinyimwa darasa la tisa basi.

Nilipomaliza, Mwalimu alitazama kwa muda mrefu. “Zamani hazikuwa upande huu wa mto?”

“Nilikosea, Mwalimu. Nimesahihisha.”

“Vizuri,” akasema. “Mtu anayesahihisha ndiye mwanajiografia.”

Jumanne, 13 Aprili

Bwana Shauri amefika kwa miguu, matope mpaka kiunoni, lori lake limenasa bondeni. Tumemwimbia wimbo. Ni mtu mwembamba mwenye pua iliyobanduka ngozi. Ameitazama ramani, ameuliza jina la bonde, nikamwambia. Ameniuliza njia inapita wapi, nikamwambia. Amenishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na laini, na nilimwonea huruma kidogo kwa safari ya bure atakayokwenda.

Ameondoka na ramani kwenye mkebe wa bati.

Ijumaa, 16 Aprili

Mvua. Laurenti ana homa lakini mtaro anachimba. Nimechimba naye saa moja, prefekti akanifukuza.

Jumapili, 25 Aprili

Hakuna habari za Mjomba. Hakuna habari za mtu yeyote.

Jumanne, 4 Mei

Mvua. Jiografia: pepo za misimu. Mwalimu amenipa kitabu chake nikisome. Sikukifungua.

Jumatano, 12 Mei

Nimeota Bibi ameketi juu ya jamvi lake na jamvi linaelea mtoni. Nikimwita haitiki, kwa sababu nilikuwa namwita kwa Kiingereza. Siku nzima sikuweza kula. Ningekuwa na mabawa nisingekaa hapa dakika moja. Kila upande kuna maji, kengele na ufunguo.

Jumatatu, 24 Mei

Jua! Tumeanika magodoro. Mtaro umekwisha, Laurenti ameusimamia kama bwana arusi. Lori limevuka na sukari. Shule inafungwa tarehe 12 Juni, na nitakwenda nyumbani nimwone Bibi popote alipo. Leo nilimwamkia Mwalimu kwa moyo wangu wote. Si mtu mbaya. Anatembea na shati moja lililotiwa viraka, na mke wake Helena yuko mbali uwandani na watoto. Naye anangoja kupandishwa cheo atoke kilimani hapa. Nilimfanyia hasira nyingi kuliko alizostahili.

Jumatatu, 7 Juni

Mwalimu ameingia darasani anang'aa. Amesema simameni, mpigieni makofi Klementi.

Nikasimama sijui kwa nini. Amesema ametoka Lindi na ameonana na Bwana Shauri mwenyewe. Askari walipelekwa vilimani mvua zilipopungua, hawakuwa na kiongozi wa njia, walikuwa na ramani yangu tu. Wakaifuata mpaka Kihambwe. “Na wakakuta nini?” akauliza darasa, kidole juu. “Wakakuta nyumba tano. Tano! Pale pale alipochora. Bwana amesema hajaona kijana wa namna hii katika jimbo zima.”

Nikasema: “Haiwezekani.” Nilisema kwa Kiswahili. Mwalimu akacheka, akasema leo hakuna kibao.

Makofi yalikuwa mengi. Laurenti peke yake hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

Kihambwe hakuna nyumba. Hakujawahi kuwa na nyumba. Naandika hivi na bado sielewi.

Jumatano, 9 Juni

Nimeelewa.

Mjomba Bakari amekuja. Hakuwa na samaki. Tumeketi kwenye ngazi za ghala.

Alifika Nambunga salama, mwezi ule ule wa Machi, akawaambia. Wazee wakakaa kikao, kila mtu akataja mahali, na kila mahali palikuwa na kasoro. Mwisho Bibi akasema: “Twende Kihambwe.” Watu wakamkemea. Mzee Huseni, jirani yetu, akasema ni kufuru, yeye haendi, bora kambini. Bibi akawajibu hivi, Mjomba amenisimulia neno kwa neno: “Serikali ikituuliza kwa watu wetu, nani atasema Kihambwe? Hakuna mtoto wetu ambaye mdomo wake utatamka kwamba Kihambwe kuna nyumba. Wafu watatuwia radhi, wengi wao ni ndugu zangu.” Akaenda yeye mwenyewe na unga, akaomba ruhusa. Wakajenga. Huseni naye mwisho akawafuata, ananung'unika.

Tulifikiri neno moja, mimi na yeye. Ndiye aliyenilea, ningefikiri lipi lingine?

Askari walikuja asubuhi, moja kwa moja, bila kuuliza njia. Wamechoma nyumba zote. Mtama wa Nambunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, wameuacha kwa nguruwe. Bibi ametembezwa mpaka kambini. Hajapigwa. Anakaa kwenye kibanda cha mwisho wa mstari na hasemi na mtu ila Mjomba.

“Sasa kuna neno moja,” Mjomba akasema. “Bibi amelituma kwako, maana wewe ndiwe msomi. Anauliza: nani aliwaonyesha Kihambwe? Nambunga ilikuwa kwenye ramani yako, hiyo tunaijua, na wewe mwenyewe ulituonya. Lakini Kihambwe? Hapajui mtu asiye wetu. Watu wanasema ni Huseni, kwa sababu ndiye aliyepinga. Wamemtenga. Mkewe akienda kisimani wanawake wanaondoka. Mzee analia hadharani, Dadi, anaapa kwa Msahafu. Wewe uko karibu na wakubwa. Hujasikia lolote?”

Nikasema: “Sijasikia, Mjomba.”

Nimeandika nilivyosema.

Alhamisi, 10 Juni

Mwalimu Eusebio ameniita, ameniuliza kwa nini sifurahi. Nimemwambia. Yote, mpaka la Bibi.

Alikaa chini. “Ungeniambia,” akasema.

“Nilikuambia, Mwalimu. Nilikuja hapa hapa.”

“Uliniambia habari ya nyumba. Hukuniambia habari ya Bibi.”

Ni kweli. Tukakaa, yeye upande wake wa meza na mimi upande wangu. Nilipotoka hakufunga mlango.

Ijumaa, 11 Juni

Kesho shule inafungwa. Bweni zima wanaimba, wanafunga masanduku. Laurenti, niliyemweleza yote jana usiku, amenikunjia nguo zangu kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa tu. Amesema: “Mwambie Bibi kabla hajakuuliza. Ukingoja akuulize utamtazama usoni umwambie ni Huseni.” Nimemwambia nyamaza, Mngoni. Amesema: “Nimenyamaza.” Akaendelea kukunja.

Nimekwenda kwa Padri Mkuu nikapiga magoti. Nimemwomba nibaki hapa likizo nzima. Nifagie kanisa, nichimbe mitaro, nilale ghalani, anifungie akitaka. Padri amenishangaa. Amesema wenzangu wote tangu Februari wanamlilia awaachie waende kwao.

“Huna watu nyumbani?”

“Ninao, Padri. Nina Bibi.”

Akatabasamu, akaniinua. Amesema mtoto mwema hawezi kumnyima bibi yake furaha ya kumwona, na ametoa amri mimi nikae mbele kwenye lori, karibu na dereva, kwa ajili ya heshima niliyoiletea shule.